Mwanao hasomi vitabu? Anza na filimu, lakini usiishie hapo

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. Alikuwa na kitabu kinene ndani ya mfuko wa plastiki. Akaniambia: "Pasta, angalia hii kitabu. Mwalimu alisema basome yote. Nilitafuta franka kwa kuuza mikate, nikanunua. Sasa mtoto anakatala. Anasema kuko video yake mu telefone, dakika kumi na tano tu, mwalimu moja wa Ulaya anaeleza yote, inatosha. Mimi nifanye nini?"

Nilimjibu upesi, na kwa kujibu upesi nilimjibu vibaya. Nilisema: "Mama, umunyang'anye telefone, atasoma." Juma lililofuata nilipita nyumbani kwake. Telefone ilikuwa imefungwa kabatini, na kitabu kilikuwa juu ya kabati. Mtoto hakutazama tena ile video, wala hakusoma. Jioni alikuwa akienda kwenye nyumba ya video ya mtaa, ambako kwa franka kidogo wanaonyesha filimu za karate mpaka usiku.

Ndugu msomaji, pengine nawe unaye kijana wa namna hiyo nyumbani. Usimwite mvivu kabla hujamuuliza anakwama wapi. Nilipomuuliza yule kijana, alifungua kitabu ukurasa wa kwanza na kunionyesha kwa kidole maneno asiyoyajua. Yalikuwa mengi. Kifaransa cha masomo yetu ni cha kujibu maswali ya mwalimu. Kifaransa cha kitabu hiki ni cha mtu aliyeishi Ufaransa zaidi ya miaka 100 iliyopita, anayesimulia juu ya baridi, upepo na mashini ambazo mtoto wa Kolwezi au Likasi hajaziona. Anasoma mistari kumi, haoni picha yoyote kichwani, anafunga. Hata mimi katika shule ya Biblia nilivifunga vitabu vingi namna hiyo, ila sisi hatukuwa na telefone ya kukimbilia.

Kumbe ile video ambayo nilitaka ifungiwe kabatini ndiyo ingeweza kumpa picha.

Kitabu cha watu wa mgodi

Kitabu chenyewe kinaitwa Germinal. Aliyekiandika ni Émile Zola, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1840 na kufa mwaka 1902. Kilitoka kwanza kidogo kidogo katika gazeti, kuanzia Novemba 1884, kisha kikapigwa chapa kama kitabu mwaka 1885. Kina sehemu saba na sura 40. Ukikiona mezani kinatisha, nakubali.

Lakini sikia kinaongea juu ya nini. Kijana mmoja, Étienne Lantier, amefukuzwa kazi. Anatembea usiku kwa miguu, hana franka, hana mkate, anatafuta kazi popote. Anaona mioto mbali. Anafika kwenye mgodi wa makaa ya mawe, yale makaa ambayo kwetu yalichimbwa kule Luena. Hapo anakutana na mzee mmoja anayekohoa na kutema mate meusi. Mzee huyo aliingia chini ya ardhi akiwa mtoto ambaye hajafika miaka 8. Ameponea kifo mara tatu, ndiyo sababu wenzake wamemtania kwa jina la Bonnemort, yaani Kifo-Kizuri. Asubuhi Étienne anapata kazi na kushuka chini meta 554 pamoja na familia ya mzee huyo.

Familia hiyo inaitwa Maheu. Wanakaa katika kambi ya kampuni, nyumba zote sawasawa, ukuta mmoja kwa majirani wawili, ukikohoa jirani anasikia. Baba, mama, babu, watoto saba. Saa kumi ya alfajiri wanaamka, na mama anatafuta cha kuwafungia kwa kazi, kabati ni tupu. Kuko duka moja tu linalokopesha, na mwenye duka anajua kwamba wote wana deni kwake. Je, ndugu zangu wa makambi, tuseme hii ni Ufaransa tu?

Zola hakuzaliwa mgodini. Februari 1884 alikwenda kaskazini mwa Ufaransa, kule Anzin, wakati wafanyakazi wa migodi walikuwa wamegoma. Aliingia nyumbani mwao, akaketi nao, akashuka mwenyewe chini ya ardhi, akaandika alichokiona katika daftari. Ndiyo maana wachimbaji walimpenda. Siku alipozikwa, tarehe 5 Oktoba 1902, kundi la wachimbaji lilipita mbele ya jeneza likipaza sauti na kutaja jina la kitabu hiki tu: Germinal! Germinal! Watu ambao wengi wao hawakuwa na shule kubwa walikijua kitabu, kwa maana kilikuwa chao.

Makosa yetu ya mara ya kwanza

Basi tulijaribu na vijana wetu. Kuko filimu ya kitabu hiki iliyotengenezwa na Claude Berri mwaka 1993. Mwimbaji Renaud anacheza kama Étienne, Gérard Depardieu ni baba Maheu, Miou-Miou ni mama. Ilitengenezwa kule kule kaskazini, na wachimbaji wa zamani waliingia katika filimu. Mgodi wa mwisho wa makaa katika eneo lile ulikuwa umefungwa Desemba 1990, basi walikuwa wakicheza maisha yao wenyewe ambayo yalikuwa yamekwisha miaka michache tu iliyopita. Kuko pia filimu ya vipindi sita ya televizio ya Ufaransa, ya mwaka 2021, lakini sisi tulichukua ile ya 1993.

Ijumaa jioni tuliweka televizio katika chumba cha masomo ya Jumapili. Walikuja vijana tisa. Sita walikuwa wanafunzi. Watatu walikuwa wameacha masomo na walikuwa wakichimba kwa mkono, makrezere kama tunavyosema. Nikaweka filimu tangu mwanzo, nikaketi nyuma kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Filimu hiyo inapita saa mbili na nusu. Kabla ya nusu ya kwanza kuisha, wawili walikuwa wamelala. Kisha ikaja sehemu ya mume na mke ambayo haifai mbele ya vijana wa kanisa, na mke wa shemasi akasimama na kufunika televizio kwa kitenge chake. Nilitamani sakafu ipasuke. Mwisho kuran ilikatika, mafuta ya jenereta yalikuwa kidogo, kila mtu akarudi kwake gizani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya kitabu. Kwa nini aulize? Alikuwa ameona, au alidhani ameona.

Nawaambia haya ili wewe usirudie. Filimu ikipita yote mfululizo, inakula hamu ya kusoma. Inafanya kazi ile ile ya video ya dakika kumi na tano: inampa kijana mwisho wa habari kabla hajajua mwanzo.

Mara ya pili nilitazama filimu yote peke yangu kwanza, na kalamu mkononi. Nikachagua sehemu fupi. Tuliwaonyesha dakika kumi na mbili tu: usiku, upepo, mioto, yule mzee na mate yake meusi. Kisha nikafunga televizio. Walilalamika sana! Nikachukua kitabu nikasoma sura ya kwanza kwa sauti, polepole, nikieleza kwa Kiswahili kila walipokunja uso. Sasa hawakukunja mara nyingi, kwa sababu picha walikuwa nayo. Neno wasilolijua walilitambua kwa kitu walichokwisha kuona.

Kijana mmoja akasema: "Pasta, huyu muzee anatema sawa vile nkambo yangu." Babu yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni miaka mingi. Chumba kilinyamaza.

Miti ya mgodini

Sehemu iliyotusaidia kuliko zote ni ile ya miti. Wachimbaji wa Zola wanalipwa kwa kila kigari cha makaa. Hawalipwi kwa muda wa kuweka miti ya kushikilia paa la mgodi. Basi wanafanya haraka, wanaweka miti michache, mibaya, ili watoe vigari vingi. Injinia anashuka, anaona miti mibaya, anawapiga faini ya franka 3. Baadaye kampuni inasema: sawa, tutalipa miti peke yake, lakini bei ya kigari itashuka, kutoka santimu 50 mpaka santimu 40. Wachimbaji wanahesabu, wanaona wameibiwa. Hapo ndipo mgomo unapozaliwa.

Wanafunzi sita hawakuelewa. Wamepita kalasi nzuri, lakini hesabu hii iliwapita. Ndipo mmoja wa wale watatu, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu mwanzo, akaomba chaki. Akachora shimo ubaoni, akachora njia ya pembeni, akaonyesha mti unawekwa wapi na udongo unaanguka kutoka wapi. Akasema: "Siye banatulipa ku saki. Kama ninatia miti siku mbili, siku mbili sikule. Basi tunaacha. Tunasema Mungu atachunga." Mwaka 2019, mwezi wa Juni, karibu watu 40 walikufa pale Kolwezi ardhi ilipoporomoka. Kila mtu katika chumba kile alilijua tukio hilo. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi.

Tukasoma sura ile tena tangu mwanzo, na safari hii yule kijana ndiye aliyekuwa mwalimu. Alikuwa ameacha masomo katika mwaka wa tatu wa sekondari kwa kukosa minervali. Kifaransa chake kinachechemea, anasoma kwa kidole. Lakini kila Zola alipotaja chombo cha kazi, yeye alijua ni cha nini, na wale wenye Kifaransa kizuri walimwuliza yeye.

Kuko mtoto katika kitabu, Jeanlin, wa miaka 11, anayefanya kazi chini. Kuko dada yake Catherine, wa miaka 15, anayesukuma vigari. Étienne alimdhania mvulana. Saa ya kula Étienne hana kitu, na Catherine anamkatia kipande cha mkate wake. Tulisimama hapo pia. Ufaransa ilitoa sheria mwaka 1874 ya kukataza wanawake na watoto wa chini ya miaka 12 wasishuke tena mgodini. Habari ya kitabu inatokea kabla ya hapo. Kwetu iko sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Sitasema zaidi. Wewe unayepita njia ya karieri asubuhi unaona kwa macho yako nani anaosha mawe mtoni.

Habari yetu wenyewe

Kitabu kizuri cha watu wengine hukufanya uulize habari ya nyumbani kwako. Baada ya kusoma juu ya mgomo, msichana mmoja aliuliza kama sisi pia tuligoma siku moja. Nikawaeleza juu ya Desemba 1941. Wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waliomba nyongeza ya mshahara, kwa maana bei ya vitu ilikuwa imepanda. Pale Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walikusanyika katika uwanja wa mpira, na tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi. Wengi walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora siku hiyo katika picha zake za historia ya nchi. Katika vijana tisa, mmoja tu alikuwa amesikia habari hiyo, kwa nyanya yake.

Walikwenda nyumbani kuwauliza wazee. Ijumaa iliyofuata walirudi na habari nyingi, nyingine zimechanganyika, lakini walikuwa wameketi na wazee wao jioni nzima na telefone mfukoni. Sikuwa nimewaagiza.

Wazazi, angalieni haya

Zola si mwandishi wa Jumapili. Ndani ya kitabu kuko ulevi, uasherati, matusi, na siku ya ghasia wanawake wanafanya jambo baya sana juu ya maiti. Kuna ndugu walioniambia kwamba mchungaji hapaswi kufungua kitabu hicho kanisani. Niliwasikiliza, na kwa jambo moja walikuwa na haki: si kitabu cha mtoto wa miaka 10. Kwa kijana wa miaka 16 anayelala kambini ambako ukuta ni mmoja, Zola hamfundishi dhambi yoyote asiyoijua. Anamwonyesha inavyoharibu nyumba. Hata hivyo, mzazi atazame kwanza, na ajue mahali pa kusimamisha.

Jambo lingine lilinichoma mimi mwenyewe. Katika kitabu kuko padri mmoja, Ranvier, anayewatetea maskini kwa maneno makali. Wakati wa njaa anaingia nyumbani mwa akina Maheu, hakuna moto, hakuna taa, na anahubiri. Anahubiri vizuri. Na baba Maheu anamjibu kwamba ingekuwa heri kama angeanza kwa kuleta mkate. Vijana walinigeukia wote pamoja! Nilicheka, lakini usiku sikulala upesi. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unasema jambo hilo hilo, nami nimeuhubiri mara ngapi nikitoka na mikono mitupu.

Kuhusu zile video fupi za walimu: sizikatai tena. Nyingine ni nzuri sana. Zinaonyesha ramani, zinaonyesha lampu za wachimbaji, zinaeleza Zola alikuwa nani. Lakini zitazamwe baada ya kusoma sehemu ile, si kabla. Tazama anachofanya Filipo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Yule Mwethiopia alikuwa tayari na kitabu mkononi, akisoma garini bila kuelewa. Filipo hakumwambia, weka kitabu chini nikupe ufupisho. Alipanda, akaketi naye, wakaanza pale pale alipokuwa amefika.

Na gharama? Zola alikufa zamani, basi maandishi yake ni ya watu wote. Unaweza kuyapakua bure kwa halali, kwa mfano katika Project Gutenberg, na kuyapitisha toka telefone moja hadi nyingine. Filimu ni tofauti, ile ina wenyewe. Walio Lubumbashi waulize katika maktaba ya Halle de l'Étoile. Lakini nakushauri kanisa linunue hata nakala moja ya karatasi. Kuran ikikatika, karatasi haizimiki, na kitabu kinachopita mkono kwa mkono kinawafanya vijana wafuatane nyuma kama wanaosubiri zamu ya baiskeli.

Mama wa kwanza niliyemtaja alirudisha telefone. Mtoto wake amefika sehemu ya tatu, anaruka kurasa, mwalimu wake hajui na mimi sisemi. Katika wale tisa, wawili waliacha kuja baada ya majuma matatu. Mmoja aliniambia wazi kwamba kitabu hakimfai, anapenda mpira. Sawa.

Nakala yenyewe ya kanisa iko kwa yule kijana wa chaki. Pembe za kurasa zimekuwa nyekundu kwa udongo. Anasoma jioni akirudi, kurasa tatu au nne, na maneno magumu anayaandika nyuma ya karatasi ya kupima madini. Mimi sikukueleza mwisho wa kitabu, ndugu msomaji, na yeye pia hataki kuujua mapema. Jumatano iliyopita alinisimamisha sokoni, saki begani. "Pasta, nimefika sehemu ya saba. Maji inaingia mu mgodi, Catherine na Étienne bako chini. Ijumaa usiweke filimu, nakuomba. Ngoja kwanza nimalize."